Meno ya Racheti na Meno ya Meku Aloisi

Juzi vijana wawili wa gereji ya njia panda walikuja kwangu Shirimatunda wakanikuta nachambua mchicha. Shikamoo yao ilikuwa ya haraka haraka, nikajua wana shida. Mmoja akatoa simu, akaanza kunionyesha picha za racheti, ile mipini ya kuzungushia nati inayolia ikirudi, moja baada ya nyingine, zote zinang'aa. "Mzee Deo," akasema, "kati ya hizi ipi ndiyo kiboko? Tunataka kununua moja ya maana." Nikawaambia wakae, nikawapa ndizi mbivu, nikaanza kueleza. Nilipofika katikati simu ikalia, mteja amekwama barabarani, wakaondoka mbio. Ndiyo maana naandika. Maandishi yatawasubiri mpaka mrudi.

Kwanza kabisa, vijana wangu, acheni hilo swali la ipi ni kiboko. Maisha yangu yote ya kazi yamepita mgongo chini, uso juu, oili ikinidondokea shingoni, hapa hapa Moshi, na sijawahi kuona racheti iliyo kiboko kwa kila mtu. Kuna racheti ya nati fulani na racheti ya mkono fulani. Ya nati nitawaeleza kwa dakika chache. Ya mkono itanichukua muda zaidi, kwa sababu inanibidi nimweleze mtu.

Gereji niliyojifunzia kazi ilikuwa ya Singasinga mmoja, Bwana Gurdit, mwenye ndevu zilizofungwa vizuri kwa wavu na mdomo usiofungwa kabisa. Alitukana kwa lugha tatu, na matusi yake ya Kichagga yalikuwa na lafudhi safi kuliko yangu. Lakini vifaa vyake! Ukutani alikuwa na ubao mkubwa, na kila spana imechorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana mahali pake paonekane kama pengo la jino. Jioni hakuna aliyenawa mikono kabla pengo la mwisho halijazibwa. Miaka ya Ujamaa gereji ilipochukuliwa na umma, yeye na familia yake wakajiandaa kuhama nchi. Siku ya mwisho alipangusa spana zote kwa tambara, akazitundika, akatuambia, "Kila kitu iko mahali pake. Musinitie aibu." Nililia, na sioni haya kusema. Alikuwa amenitukana tangu nikiwa sijaota ndevu, na kila tusi lilikuwa na somo ndani yake.

Spana za Bwana Gurdit zilikuwa za inchi, kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Kisha yakaingia ya Kijapani na milimita zake, na hapo ndipo nati nyingi za Moshi zilipopoteza pembe. Shikeni hili: robo tatu ya inchi na milimita kumi na tisa ni ndugu wa tumbo moja, zinaazimana nguo bila ugomvi. Lakini nusu inchi na kumi na tatu ni majirani tu. Spana ya kumi na tatu itaivaa nati ya nusu inchi, ndiyo, ila itacheza ndani yake, na ukitia nguvu utaiviringisha kama gololi. Gari la zamani mkiliona, msiulize kitabu. Jaribuni kwa mkono, na spana ikicheza hata kidogo, itoeni.

Sasa racheti. Ubaoni zilikuwa tatu, na kila moja tuliiita kwa jina la kwao. Ya kwanza Mwingereza, mzito, mpini mrefu, meno ya wastani, asiyechakaa na asiye na haraka. Ya pili Mjerumani. Huyo alikuwa bwana harusi wa gereji. Meno yake ya ndani yalikuwa madogo na mengi mno, kwa hiyo hata mahali ambapo mkono hauna nafasi ya kucheza, nyuma ya injini kule kwenye ukuta, ungeweza kumsogeza kidogo tu naye akashika. Na mlio wake ulikuwa wa chini, karibu na kunong'ona. Ya tatu ililetwa baada ya gereji kuwa ya umma, siku zile urafiki wetu na Wachina umepamba moto, kwa hiyo tukaiita Rafiki. Kichwa kinene, soketi zake, zile kofia za kuvalishwa nati, zenye kuta nene, meno makubwa na machache. Ukimzungusha alikuwa anapiga kelele ngwa, ngwa, ngwa, na kila ngwa ilikutikisa mpaka kiwiko. Tulimcheka sana Rafiki. Tulimtumia kwenye nati za magurudumu ya trekta na kupigilia misumari.

Mjerumani tulimgombania. Mwenzangu Kanuti, fundi hodari lakini asiye na subira hata chembe, siku moja alimchomeka bomba la chuma kwenye mpini ili apate nguvu ya kufungua bolti iliyoganda kwa kutu. Nilimwambia, "Kanuti, acha, chukua mpini usio na meno." Akasema, "Ngoja nikuonyeshe." Akatuonyesha kweli: Mjerumani aliteleza meno, bomba likaruka, ngumi ya Kanuti ikaenda kubisha hodi kwenye madigadi. Racheti ni ya kukimbia nayo, si ya kuvunjia kutu. Bolti iliyoganda ilegezwe kwanza kwa mpini mgumu usio na meno ndani, ndipo racheti ije imalizie. Na wakati wote vuteni, msisukume. Ukivuta ikateleza, mkono unarudi kwako. Ukisukuma ikateleza, utajua chuma cha gari kimekaa wapi.

Kuna spana nyingine ambayo mnaijua vizuri, ile inayobanwa na kulegezwa kwa kidole ikakubali nati ya ukubwa wowote, na jina lake mnalijua pia. Ndiyo, spana malaya. Siku magari ya misheni yalipoletwa, jina hilo lilitupa taabu, maana anayeyaleta alikuwa Sista Emerensiana, na Meku Aloisi, mkubwa wetu wa kazi na mwimbaji wa kwaya, hakutaka lisikike mbele ya mtawa. Akaamuru kwamba Sista akiwepo tuiite Magdalena. Basi ukawa unasikia chini ya gari, "Nirushie Magdalena!" na mwingine anajibu, "Subiri, nipo naye!" Sista alikaa kwenye benchi lake na rozari, ametulia. Gari lilipokwisha alisimama, akamwambia Meku Aloisi kwa sauti ya upole, "Baba, hiyo spana malaya, mkiweza niazimeni mpaka kesho, bomba la jikoni kwetu linavuja." Meku aliipangusa mara mbili ndipo akampa. Kanuti alilazimika kwenda kuchekea nyuma ya tangi la maji. Kwa vile tumeitaja: ukiitumia, geuza ili nguvu iende kwenye taya lisilosogea. La kusogea ni dhaifu, litalegea katikati ya kazi.

Na mkibahatika kuikuta spana nyeusi, haina jina wala namba, imepigwa nyundo mpaka ina mabonde, msiitupe. Hiyo imetoka kwa mhunzi wa mlimani. Miaka ya uhaba, wakati hata sabuni ilikuwa ya foleni, spana ikipotea nyingine haikupatikana dukani. Tuliwapelekea wahunzi springi zilizovunjika za malori, pamoja na nati kama kipimo, nao wakatufulia spana. Zilikuwa mbaya sana kwa sura. Lakini chuma kilichobeba magunia ya kahawa miaka na miaka, ukikipa kazi ya kufungua nati kinaiona ni likizo.

Meku Aloisi nimemtaja, sasa nimweleze. Meku kwetu ni mzee, na yeye tulimwita hivyo kabla hata nywele hazijageuka. Alikuwa mtu wa Kibosho, mwenye kihamba cha kahawa na migomba ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, alikijua kwa kuhadithiwa na mkewe. Alijua nati. Alikuwa na vidole vifupi vinene, na ungemwona akiingiza mkono mahali ambapo paka angefikiria mara mbili. Bwana Gurdit hakumtukana kamwe, na hilo peke yake lingetosha kuwa cheo. Mimi alinifundisha kupaka grisi kidogo ndani ya soketi ili nati ining'inie isidondoke, kukaza kichwa cha injini kuanzia katikati kwenda pembeni, na kutokusema "imekwisha" mpaka mkono urudi mara ya pili kwenye kila bolti.

Alikuwa na namna yake ya kusikiliza injini. Sisi wengine tuliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, kama ilivyo kawaida, ukasikia beringi inalia wapi. Yeye mpini aliuuma kwa meno. Alifumba macho, ameuma bisibisi, uso umetulia kama mtu anayepokea komunyo, kisha anautoa mdomoni na kusema, "Silinda ya tatu," na kweli ni ya tatu. Basi tukadhani hiyo ndiyo siri ya ufundi! Kanuti akaanza, mimi nikafuata, muda si mrefu gereji nzima ilikuwa inauma bisibisi. Wateja wakituangalia tulikunja uso kwa ubingwa. Kanuti aliwahi kuuma akiwa amesahau kufuta oili, akakaa siku nzima akitema mate. Hatukujiuliza hata siku moja kwa nini mtu mwenye masikio mawili asikilize kwa meno.

Hakuna aliyejiuliza, kwa sababu gereji haina mtu anayeongea polepole. Kule kila mtu anapiga kelele, anaonyesha kwa kidole, anakugusa bega. Ukimwita mwenzako asiitike unamrushia tambara. Mtu anaweza kupoteza masikio yake pale pole pole, miaka na miaka, na wenzake wasiitambue tofauti.

Meneja wetu siku hizo alikuwa Ndugu Salehe, mtu wa Tanga, mwenye shati jeupe na moyo mzuri, lakini msimu wa kahawa ulimnyima usingizi. Malori yalitakiwa kupanda mlimani kila siku, spea hakuna, na wakubwa wake walimbana. Lori moja liliingia kubadilishwa gasketi ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Kazi akapewa Meku, naye akachagua Mjerumani, kwa sababu bolti za nyuma zilikuwa zimebanana. Sasa, Mjerumani alikuwa amesafishwa siku chache nyuma na Kanuti, kwa nia njema kabisa. Oili nyepesi haikuwepo, akampaka grisi nzito ya beringi za magurudumu. Vijana, msifanye hivyo! Grisi nzito inafanya kiulimi cha ndani, kile kinachoshika yale meno, kiwe mvivu. Ukikaza nati inakwenda mbele, ukirudisha mpini, badala ya racheti kuteleza na kulia, inashika na kuirudisha nati ulikoitoa. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, unadhani unakaza kumbe unaibembeleza. Mwenye masikio atashtuka, kwa sababu hasikii mlio wa kurudi. Meku hakushtuka, na mkono ulipopita mara ya pili kule nyuma, ulipita na racheti ile ile.

Lori lilifika Bomang'ombe likiwa limechora mstari wa oili barabarani. Bahati dereva alikuwa mtu wa kutazama taa yake ya oili, akazima injini kabla haijaungua. Lilivutwa kurudishwa kwetu mchana, na Ndugu Salehe akawa analisubiri getini, jasho linamtoka. Akaingia chini mwenyewe na shati lake jeupe, akazijaribu bolti za nyuma kwa vidole. Zilizunguka. Akatoka, akasimama mbele ya Meku, sisi sote tunatazama.

"Mzee Aloisi, mara ngapi nimesema hizi bolti zikazwe? Mara ngapi? Una masikio kweli wewe?"

Meku alikuwa anamtazama mdomoni. Akajibu, "Sina."

Hata mimi nilidhani ni jeuri, na nikashangaa, kwa maana Meku hakuwa mtu wa jeuri. Ndugu Salehe aligeuka rangi. "Unanijibu hivyo? Mbele ya watu?"

Meku alivua ovaroli, akaikunja kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya benchi, akatoka.

Nilimfuata. "Meku! Meku, ngoja!" Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu zaidi, hakugeuka. Alikuwa ameshafika barabarani, anatembea ukingoni, na nyuma yake likaja lori linapiga honi mfululizo. Watu waliokuwa upande wa pili waliruka mtaroni. Yeye hakusogea hata unyayo. Dereva akafunga breki, akapita akimtukana, na Meku akashtuka kuona lori limempita begani. Hapo ndipo akili ilinifunguka. Nilikimbia nikamshika bega.

"Nimemjibu ukweli, Deo," akaniambia, akinitazama midomo. "Sina. La kushoto lilikwenda zamani, wakati wa Singasinga. La kulia lilikuwa linanisaidia saidia, sasa nalo limefunga duka. Mke wangu, Mama Yustina, ndiye anayejua. Hata kwaya naimba kwa kumtazama mwalimu mikono." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamponyoka. "Nitafanya nini nyumbani? Shamba ni la mke wangu, mimi pale ni mgeni. Najua nati tu."

Nilirudi nikamweleza Ndugu Salehe. Alikaa juu ya tairi, shati lake lina oili, akashika kichwa. "Nimemtukana mtu kwa maradhi yake," akasema. "Laa ilaha illallah. Kwetu Tanga ningejua nimwendee nani, nianzie wapi. Huku kwenu, Deo, mtu mzima akimkosea mwenzake anaombaje radhi?"

Nikamwambia, kwetu kuna isale. Nyie wa siku hizi mnalipanda mbele ya nyumba mkidhani ni ua tu. Isale ni jani refu la kijani, tunapanda mpakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee, na aliyekosa akilichuma, akaenda nalo kwa aliyemkosea, haliwezi kukataliwa. Hata kama ng'ombe wako ameuawa, ukiletewa isale unalipokea. Ndugu Salehe akauliza kama na mtu wa Tanga anaruhusiwa kulibeba. Kwa kweli sikujua, sikuwahi kuona. Nikamwambia anaruhusiwa.

Jumapili baada ya misa tukapanda Kibosho, yeye, Kanuti na mimi. Kanuti alijiona ana deni la ile grisi, akaja bila kuitwa. Mimi nilibeba kikapu, na ndani ya kikapu, chini ya mkungu mdogo wa ndizi, nilikuwa nimeweka racheti zote tatu. Sikumwambia mtu. Tangu siku ile barabarani nilikuwa nawaza zile bisibisi tulizokuwa tunauma kama wajinga, kumbe Meku aliuma apate mtetemo wa injini mfupani, na wazo moja lilikuwa linanisumbua.

Mama Yustina alitupokea, akatuletea mbege, pombe yetu ya ndizi, na kwa meneja, Mwislamu, akaleta maziwa kabla hajaomba. Meku alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono safi kabisa, safi kwa namna iliyonihuzunisha. Ndugu Salehe akasimama mbele yake ameshika isale kwa mikono miwili. Akaongea taratibu, mdomo wazi ili usomeke: "Shikamoo, Mzee. Nimekukosea. Sikujua, lakini hata ningejua au nisingejua, si maneno ya kumwambia mtu aliye sawa na baba yangu."

Meku alilitazama lile jani, akamtazama Mswahili yule wa pwani aliyelibeba, macho yakamlowa. Akalipokea.

"Marahaba, mwanangu. Hasira imekwisha. Aika, asante." Kisha akaliweka jani magotini. "Lakini kazini sirudi."

"Mzee, nimekuomba."

"Isale linamaliza ugomvi, halifungui masikio. Juzi ilikuwa sampu. Kesho itakuwa breki. Nikiua watu kwenye mteremko, utaniletea jani gani?"

Mama Yustina aligeukia ukuta. Na mimi nikaona kwamba hapo hapo, kwenye kigoda kile, ndipo mtu huyu atakapokaa siku zote akitazama mikono yake, kama hatutasema kitu.

Nikainuka na kikapu. Ukumbini kwao kulikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, ya chuma, imefungwa kwa bolti kwenye gogo. Nikamshika Meku mkono, nikampeleka pale. Nikampa Mjerumani, ambaye nilikuwa nimeshamuosha kwa mafuta ya taa. Akamvisha kwenye bolti, akamzungusha. Akatikisa kichwa, hakuna kitu. Nikampa Mwingereza. Akafumba macho, akazungusha, akasema, "Kwa mbali. Sina hakika." Nikampa Rafiki.

Akazungusha mara moja, akasimama. Akarudisha mpini taratibu, ngwa, jino moja. Ngwa, la pili. Akafumbua macho akanitazama, akaendelea, na uso wake ukaanza kubadilika. Yale meno makubwa tuliyokuwa tunayacheka yalikuwa yanampiga kiganjani, moja moja, na yeye anayapokea.

"Huyu anaongea!" akapiga kelele, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao, kuku wakatawanyika. "Mama Yustina, huyu anaongea!"

Kanuti akawa ameshaelewa. Tukamgeuza Meku atazame migomba, tukalegeza baadhi ya bolti na nyingine tukaziacha zimekaza, tukamrudisha. Akapita moja baada ya nyingine na Rafiki. Bolti iliyokaa sawa, mpini ukirudi unagonga. Bolti inayorudi na racheti, mpini ni kimya mkononi, na hapo hapo alisimama, akaibana kwa vidole kwanza, akaikaza upya. Hakukosea hata moja. Kanuti alimrudisha kwenye migomba mara ya pili, na ya tatu, akijaribu kumhadaa, mpaka Mama Yustina akamwambia amwache mzee apumzike.

Ndugu Salehe alikuwa amesimama pembeni. "Breki," akasema mwishoni, akihakikisha Meku anamwona mdomo, "kuanzia sasa zitakaguliwa na fundi wa pili. Si zako tu, Mzee. Za Deo, za Kanuti, za kila fundi. Lakini mimi si fundi. Nataka kujua unachojua wewe hapo, nisije nikasaini kitu nisichokielewa."

Meku akamvuta mkono. Ulikuwa mkono laini wa kalamu. Akaukunja kwenye mpini wa Rafiki, akaweka wake mnene juu yake, akainamia bolti, wakazungusha pamoja, polepole. Ngwa. Ngwa.

"Sikia," Meku akamwambia.

Meneja akafumba macho. Nilimwona amebana pumzi, anahangaika, halafu mabega yakamshuka.

"Nasikia," akasema. Lakini Meku alikuwa ameinamia bolti, hakuona mdomo wake, na Ndugu Salehe akatambua hilo. Akaachia mpini, akaushika ule mkono wa fundi, akaukaza.

Jumatatu kengele ya kuingia kazini ilipolia, Meku Aloisi, ambaye hakuisikia, alikuwa ameshalala chini ya lori la kahawa.